Manga, siyo pilipili manga

Mama yangu aliponisikia mara ya kwanza nikisema "nasoma manga", aliuliza kama nimeanza biashara ya viungo. Kwake manga ni pilipili manga, basi. Nikamwonyesha simu: michoro myeusi na myeupe, kijana wa Kijapani anakimbia mvuani. "Kumbe katuni," akasema, akarudi kwenye sufuria yake.

Mimi ni wakala wa mobile money hapa Busia, upande wa Uganda. Nina meza, mwavuli, simu nne na daftari. Kati ya mteja na mteja hapakosi dakika za bure, na nyingi nimezimalizia kwenye manga. Vijana wanaokuja kutoa pesa huchungulia skrini wakaniuliza nazipata wapi na nabishana na nani usiku. Nimechoka kurudia, ndiyo maana naandika.

Wengi huanza na kipande walichokiona TikTok au kwenye status ya rafiki, hakina jina. Usikimbilie grupu kuuliza "hii inaitwaje?" Piga skrinishoti, kata maandishi na emoji zote ubaki na mchoro mtupu, kisha itafute picha hiyo kwa Google Lens au SauceNAO. Ukikuta watu wanaomba "sosi", wanataka chanzo cha picha, siyo cha kutilia chipsi. Picha iliyopakwa rangi na shabiki mara nyingi hugoma. Rudi kwenye video ileile utafute kipande chenye wino mweusi tu. Ukikwama kabisa ndipo uulize, na useme umeshajaribu nini. Watu humsaidia aliyetoka jasho kidogo.

Ukishapata jina, liangalie kwenye AniList au MyAnimeList, tovuti zenye orodha za manga. Pale utaona hadithi ilianza lini, imeisha au inaendelea, na kama imeisha ina juzuu ngapi. Hii ni muhimu kwa mtu anayenunua bando kwa siku. One Piece ilianza Julai 1997, imeshavuka juzuu 100 na bado inakwenda. Fullmetal Alchemist iliisha 2010 ikiwa na juzuu 27. Anayeanza ningemshauri iliyoisha.

Kusoma, tumia MANGA Plus. Ni programu ya Shueisha, wachapishaji wa jarida la Shonen Jump, na tangu 2019 inafunguka hata huku kwetu. Kwa kawaida sura za mwanzo na zile mpya kabisa ni bure. Kiswahili hakimo. Jirani yangu Mkongo anasoma kwa Kifaransa, mimi kwa Kiingereza, halafu tunabishana kwa Kiswahili. Zipo pia tovuti za mashabiki wanaotafsiri bila ruhusa. Nilianzia huko, sitajifanya mtakatifu. Ila kila ukigusa ukurasa linafunguka tangazo la kamari, na siku yoyote hadithi inaweza kutoweka ukiwa katikati.

Kumbuka kusoma kutoka kulia kwenda kushoto, vibonzo na hata viputo vya maneno ndani ya kibonzo; maneno yenyewe ya Kiingereza au Kifaransa yasome kama kawaida. Mimi nilisoma sura tatu kinyume, nikadhani ni hadithi ya watu wanaojibu maswali kabla hayajaulizwa. Mtoto wa jirani anayekwenda madrasa hakunihitaji hata dakika moja. Alisema, "Kama msahafu tu, anko."

Sasa mazungumzo. Facebook ilipofungwa hapa Uganda Januari 2021, magrupu mengi niliyokuwa nayo yalisambaratika, na watu wakahamia WhatsApp, Telegram na Discord. WhatsApp naiacha kwa marafiki ninaowajua sura, maana ikishapita watu mia ni soko la Ijumaa. Discord ni nzuri kwa mabishano marefu kwa kuwa kila hadithi ina chumba chake. Telegram itakumalizia bando usipozima upakuaji wa picha wa otomatiki. Fanya hivyo kabla hujaingia grupu la kwanza.

Kwa mgeni, hata hivyo, mlango mzuri ni Reddit, tovuti ya mijadala, na aingie bila kusema neno. Kule r/manga, ukumbi wake wa manga, mjadala wa sura huwekewa alama ya DISC, kifupi cha "discussion". Ukimaliza, tuseme, sura ya 30 ya hadithi ya zamani, tafuta jina lake pamoja na neno "chapter 30", usome walichosema watu siku ile ilipotoka. Wao nao walikuwa hawajui sura ya 31 ina nini, kwa hiyo ni nadra mtu kukuharibia kwa kukutobolea yajayo. Nimesoma hadithi nzima namna hiyo, sura moja, mjadala mmoja, kana kwamba nimekaa na watu waliokwisha kuondoka.

Kuharibiana ndiko kunakovunja magrupu. Sura mpya za Shonen Jump hufunguliwa rasmi usiku wa manane Jumatatu ya Japani. Wao wametutangulia saa sita, kwa hiyo kwetu ni Jumapili saa kumi na mbili jioni. Lakini kurasa huvuja tangu katikati ya wiki. Ijumaa moja nilipata ukurasa uliovuja, mtu tunayempenda sote anakufa, nikauweka kwenye grupu bila onyo, na emoji nne za kilio. Dada mmoja wa Mbale, ambaye kila wiki alikuwa anatunza MB zake hadi Jumapili, akajibu maneno mawili: "Asante, ndugu." Hakutukana. Admini alininyamazisha siku saba, lakini lile "asante" ndilo lililonikaa rohoni.

Tangu hapo nafanya hivi. Naanza ujumbe wowote kwa namba ya sura, kabla hata ya salamu. Kwenye Discord nafunika siri kwa mistari miwili ya wima kila upande, ||namna hii||, na anayetaka anagusa. Reddit ni >!hivi!<. WhatsApp haina kifuniko, kwa hiyo naandika "SURA 90, JIHADHARI" kisha nashusha nukta, kila moja na mstari wake, mpaka siri iangukie chini ya "soma zaidi". Ni ushamba kidogo, lakini inafanya kazi.

Kuhusu kuomba upendekezewe: ukiandika "nipeni manga kali", utapewa majina matatu yaleyale ambayo hata kinyozi wako anayajua. Ujumbe wangu uliozaa matunda ulikuwa huu, nauweka kama ulivyokuwa:

"Nimemaliza Fullmetal Alchemist yote. Nilipenda familia na chakula kuliko mapigano. Nimekulia kwenye ng'ombe. Nataka iliyoisha, isizidi juzuu 20, na pasiwe na mtu wa kuokoa dunia."

Dakika kumi hazikupita, mtu akaniambia: soma Silver Spoon, ni ya mchoraji huyohuyo, Hiromu Arakawa, na yeye mwenyewe amekulia kwenye shamba la ng'ombe wa maziwa huko Hokkaido. Juzuu 15. Sikujua hata kidogo. Tazama ujumbe ule: nimetaja nilichomaliza, nilichokipenda, nisichokitaka na uvumilivu wangu unaishia wapi. Mtu akipewa hayo hana haja ya kubahatisha.

(Silver Spoon, hapa chini kuna siri. Unayetaka kuisoma ukiwa mgeni, ishia hapa.)

Kijana wa mjini, Hachiken, anaingia shule ya kilimo. Anamhurumia kitoto cha nguruwe kilicho dhaifu kuliko wenzake, anakipa jina Butadon, yaani bakuli la wali na nyama ya nguruwe. Anakilisha hadi kinanenepa, na siku ya machinjio inafika. Ananunua nyama yake kwa pesa aliyoitolea jasho. Kwenye mjadala watu walikuwa wamegawanyika: wengine wanasema ni ukatili kumpa jina mnyama utakayemla, wengine wanasifu mchoro tu. Kwa miezi nilikuwa nasoma kimya. Siku ile nikaandika kwamba babu yangu, kule Tororo, alikuwa na mbuzi aliyeitwa Desemba. Tulimchunga, tulimkimbiza akitoroka kwenye mahindi ya watu, tulimwita kwa jina naye akaitika, na hakuna mtoto aliyehitaji kuelezwa kwa nini anaitwa hivyo.

Nilipoamka asubuhi nilikuta majibu zaidi ya arobaini. Kuna aliyesimulia kondoo wake, kuna aliyeniita muuaji. Mmoja akauliza swali ambalo sijalijibu mpaka leo: kama siku ile nilikula. Nilikula, tena niliongeza.