Jinsi ya kujenga ukuta wa chuma, udongo na mimea wa kuzuia kelele za barabara

Ukuta huu ni nyavu mbili za chuma zilizosimamishwa sambamba, udongo katikati, mimea usoni. Ninaujenga Dar es Salaam kwenye viwanja vilivyo kando ya barabara za malori. Kinachozuia kelele hapa ni uzito wa udongo. Majani peke yake hayatoshi: ili miti ipunguze desibeli 5 hivi (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti) unahitaji msitu mnene wa kama mita 30, na nani mjini ana nafasi hiyo?

Hatua ya 1: Pima

Kaa pale msikilizaji anapokaa. Ukiona injini za malori, kelele inakufikia moja kwa moja. Ukuta ukishakata mstari huo wa macho, unapata punguzo la desibeli 5 hivi, na kila mita unayoongeza juu huleta kama 1.5. Punguzo la desibeli 10 sikio hulihesabu kuwa nusu ya kelele.

Urefu wa kwenda kando watu huusahau. Kila upande, ukuta uendelee kupita usawa wa msikilizaji kwa mara nne ya umbali kati yake na ukuta. Kama kiwanja hakitoshi, kunja ncha ziingie ndani. Hakikisha pia uko nje ya hifadhi ya barabara, yaani ardhi iliyotengwa kwa ajili ya barabara. Kwa barabara kuu ni mita 30 kutoka katikati.

Hatua ya 2: Msingi

Ukuta wa mita 3 kwenda juu na unene wa sentimita 60 hubeba zaidi ya tani 3 kwa kila mita, kabla mvua haijanyesha. Mhandisi akague ardhi na akupe kina cha msingi. Nguzo zisimame kwenye zege, lakini kati ya nguzo na nguzo weka kokoto ili maji yatoke chini.

Hatua ya 3: Chuma

Tumia nyavu nene za BRC, yaani nondo zilizochomelewa kwa miraba, zilizochovywa kwenye zinki. Kila ulipokata au kuchomelea, paka rangi ya zinki siku hiyohiyo, maana upepo wa bahari hauna huruma. Kisha funga nyavu mbili pamoja kwa vyuma vya kuvuka katikati, kila sentimita 50 kwenda juu na kwenda kando. Udongo husukuma nje, na chini husukuma zaidi; vyuma hivi vikipungua, ukuta hutoa tumbo na hutaweza kuurudisha bila kuufukua wote.

Hatua ya 4: Kujaza

Tandika ndani ya nyavu kitambaa cha ujenzi kinachopitisha maji na kushika udongo. Jaza kwa tabaka za sentimita 20 hadi 30, ukishindilia kila tabaka. Usitumie udongo mweusi wa mfinyanzi: hufura ukilowa na kupasuka ukikauka. Mboji weka pembeni tu, sentimita 15 karibu na uso, kwani mboji huoza na kushuka. Ukiijaza katikati, juu utabaki uwazi, na kelele itapita hapo.

Hatua ya 5: Maji

Hapa ndipo kuta nyingi hufa. Udongo umepigwa jua pande mbili, nao hukauka haraka kuliko bustani. Laza mipira ya matone ndani ya ukuta kila mita moja ya kimo, wakati bado unajaza. Kila mpira uwe na koki yake: maji hushuka, kwa hiyo mstari wa juu unahitaji muda mrefu zaidi na wa chini mdogo. Tangi likae juu kuliko ukuta.

Hatua ya 6: Kupanda

Panda mwanzoni mwa Masika ili mizizi ishike kabla ya kiangazi. Chana kitambaa kwa alama ya msalaba, ingiza mizizi ikilala kuelekea ndani. Uso wa magharibi huchomwa tangu adhuhuri hadi jioni. Huko weka mshubiri na mimea mingine yenye majani manene. Upande wa juu napenda nyasi za vetiva, kwa kuwa mizizi yake hushuka wima na kufunga udongo.

Masika yakiisha, panda ngazi ukague kilele. Palipotitia, jaza udongo tena na uushindilie, halafu rudia mwaka unaofuata.