Somo: Baridi ya Dar imeisha au itarudi? Namna ya kuipima mwenyewe mwishoni mwa kipupwe

Kila mwaka ikifika katikati ya Agosti mambo ni yale yale. Jua likichoma siku tatu mfululizo, masweta yanarudishwa kabatini, feni zinafutwa vumbi, wafugaji wanapunguza moto kwenye banda la vifaranga. Kisha kusi, upepo wa kutoka kusini, inavuma upya, anga linafunga, na ndani ya daladala watu wanaulizana baridi hii imetoka wapi tena. Imetoka kusini, na mara nyingi ilikuwa inaonekana siku mbili tatu kabla haijatufikia. Ninachotaka ni wewe uweze kuiona ikija. Unahitaji simu, kipimajoto cha bei ndogo na mazoea ya kutazama mawingu.

HATUA YA 1: Jua unazungumzia baridi ipi

Dar ina baridi mbili na wengi huzichanganya.

Ya kwanza ni ya usiku. Anga ni jeupe, upepo umelala, hewa kavu. Ardhi inatoa joto lake usiku kucha, na alfajiri unatafuta shuka la pili. Jua likishapanda, imekwisha. Saa saba mchana unatoka jasho kama kawaida.

Ya pili ni ya mchana. Kusi inavuma tangu asubuhi, mawingu ya chini yanaingia kutoka baharini, manyunyu ya mchoo, yaani mvua ndogo za kipupwe, yanapita na kuacha lami imelowa, joto halipandi. Usiku wake si mkali sana, maana mawingu hayo hayo yanazuia joto la ardhi lisipotee. Lakini mwili unachoka nayo kuliko ile ya kwanza kwa sababu haikupi nafasi ya kupumzika.

Vipimo vya uwanja wa ndege wa Julius Nyerere vinasaidia kuelewa. Februari joto la juu hufika wastani wa nyuzi 32 au 33. Julai na Agosti ni 29 hivi, na la chini huwa 18 au 19. Sasa angalia jambo ambalo watu hawalitegemei: usiku wa Agosti kwa wastani hauna joto kuliko wa Julai, na hata Septemba alfajiri bado ni ya baridi. Kinachobadilika kwanza ni mchana. Kwa hiyo mtu akikuambia baridi imeisha kwa sababu jana mchana alitoka jasho, anasema habari ya mchana tu.

HATUA YA 2: Pima nyumbani kwako

Namba inayotokea kwenye simu si ya uani kwako. Kariakoo, kuta na lami hutunza joto mpaka usiku wa manane. Pugu, Kibamba na Goba kuna vilima na miti, na hewa baridi huteremka usiku ikajaa mabondeni. Nyumba mbili za mtaa mmoja, moja juu na nyingine bondeni, zinaweza kutofautiana kabisa alfajiri.

Tundika kipimajoto kivulini, kimo cha mita moja na nusu hivi, mbali na ukuta unaopigwa na jua, mbali na jiko na mashine ya nje ya kiyoyozi. Soma saa kumi na mbili asubuhi na saa tisa alasiri, uandike. Baada ya siku chache tazama tofauti kati ya namba hizo mbili. Ikiwa kumi au zaidi, uko kwenye baridi ya usiku na anga ni kavu. Ikishuka hadi tano au sita, kusi imeshika na mawingu yake.

HATUA YA 3: Tazama kusini

Hapa ndipo penye kazi, na naomba msipite haraka.

Kipupwe chetu kinaendeshwa na migandamizo mikubwa ya hewa, yaani maeneo ambayo hewa inalemea zaidi, iliyo kusini mwa Afrika. Ule wa Bahari ya Hindi unaitwa Mascarene, kwa jina la visiwa vya Mauritius, Réunion na Rodrigues. Huo ndio mama wa upepo wa kusi. Ukiwa na nguvu, kusi ina nguvu; ukilegea, tunapata siku za joto na watu wanasema kiangazi kimeingia.

Baridi inayorudi ghafla ina hadithi ya ziada. Mkondo wa hewa baridi kutoka bahari za kusini kabisa unapita Cape Town, unafuata pwani mpaka Durban. Nyuma yake unakuja mgandamizo mkubwa mpya. Huku kwetu kusini mwa ikweta hewa huzunguka mgandamizo mkubwa kinyume cha mwendo wa saa, hivyo ubavu wake wa mashariki ndio unaosukuma hewa kwenda kaskazini. Mgandamizo ukiwa bado karibu na Afrika Kusini, ubavu huo unaelekea moja kwa moja kwenye Mlango Bahari wa Msumbiji. Hewa inapanda humo, inapita Maputo, Beira, Mtwara, Mafia, kisha sisi. Kwa kawaida ni safari ya siku mbili hadi nne tangu Durban ipigwe. Mgandamizo ukishasogea mashariki na kuungana na Mascarene, upepo wetu unageuka kuwa wa mashariki na ubaridi unapungua.

Kwa hiyo fungua ramani ya upepo na mgandamizo kwenye simu, Windy inatosha. Usianze na Dar. Anza na Durban. Uliza mambo matatu: upepo pale umegeuka kutoka kusini? Namba ya mgandamizo nyuma yake imefika hektopaskali 1030 au kuzidi? Mishale ya upepo ndani ya Mlango Bahari wa Msumbiji imepangana kuelekea kaskazini? Majibu yote matatu yakiwa ndiyo, usifungie sweta. Yakiwa mawili, subiri kesho utazame tena. Kisha hakikisha kwa Mtwara na Mafia: upepo ukigeuka kutoka mashariki kuwa wa kusini na kuongezeka huko, zamu yetu ni kesho yake.

Msidhani kusini hufunga duka Septemba mosi. Tarehe 20 na 21 Septemba 2024 theluji ilianguka nyingi kwenye milima ya KwaZulu-Natal hadi barabara kuu ya N3 kati ya Johannesburg na Durban ikafungwa karibu na Van Reenen. Hiyo ni mwishoni kabisa mwa majira yao ya baridi.

Hewa hiyo haitufikii ilivyotoka. Inasafiri juu ya maji ya uvuguvugu, na bahari yetu hata Agosti haishuki sana chini ya nyuzi 25. Ndiyo maana Njombe na Makete wanaamka na barafu kwenye majani, na sisi hatujawahi kuiona.

HATUA YA 4: Soma taarifa za TMA, zote

Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa utabiri wa kila siku na wa siku tano, na mwelekeo wa msimu mzima. Wengi hutazama joto la Dar na kufunga. Tazama sehemu ya bahari. Ukikuta angalizo la upepo mkali unaofikia kilomita 40 kwa saa na mawimbi ya mita 2 kwa ukanda wote wa pwani, hiyo ni kusi yenye nguvu, na wewe wa Tabata ambaye huna hata ngalawa linakuhusu. Kwenye soko la samaki la Feri utaona dalili yake: vyombo vidogo havitoki, samaki wanapungua, bei inapanda.

Utabiri wa siku tatu za mwanzo utegemee. Wa siku kumi uchukue kama mwelekeo tu.

HATUA YA 5: Pima na tarehe

Jua la utosi hupita Dar mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na karibu na tarehe 10 Oktoba. Kila siku baada ya Juni linasogea kurudi kwetu. Maoni yangu: mpaka katikati ya Agosti, chukulia kuwa kipindi kingine cha baridi kinakuja hata kama wiki hii kuna joto. Kuanzia mwishoni mwa Agosti mpaka katikati ya Septemba, tegemea kimoja au viwili vifupi vya siku mbili tatu, vya upepo na mawingu. Baada ya hapo ni alfajiri tu. Demani, majira yanayofuata kusi, ikishaingia, upepo unalegea na kubadilika-badilika, na Oktoba mchana unakuwa wa moto kweli.

MASWALI YA WANACHAMA

Dada wa Chanika: Shikamoo mwalimu. Vifaranga wangu wa nyama wanaingia wiki ijayo. Nimeweka balbu peke yake maana joto limerudi. Inatosha?

Jibu: Marahaba dada. Haitoshi. Kifaranga wa wiki ya kwanza anahitaji nyuzi 32 hadi 34, zikipimwa usawa wa mgongo wake. Alfajiri ya Chanika ikiwa 18, pengo ni kubwa, na wewe umelipima mchana. Weka chanzo cha pili cha joto uwashe kuanzia jioni, kisha upunguze nyuzi 2 hadi 3 kila wiki kadiri manyoya yanavyoota. Watazame wenyewe: wakijikusanya sehemu moja wana baridi, wakihema midomo wazi wamezidiwa joto, wakitawanyika wanakula uko sawa. Ziba kwa turubai upande wa kusi, ukiacha nafasi juu ili hewa ipite. Na kama unatumia mkaa, tafadhali sana, usiingize jiko lake kwenye chumba wanacholala watu. Hewa yake yenye sumu haina harufu na inaua watu usingizini.

Boda wa Kimara: Mimi naanza saa kumi alfajiri. Koti niache lini?

Jibu: Usiliache kabla ya Oktoba, kaka. Wewe upepo unaujitengenezea mwenyewe; ukienda kilomita 50 kwa saa, nyuzi 19 hazihisiki kama 19. Kuanzia Septemba unaweza kulivua saa tatu asubuhi, ila kutoka nalo utoke.

Mwenye shamba Mkuranga: Mikorosho yangu iko kwenye maua. Baridi ikirudi, ubwiriunga utaongezeka?

Jibu: Unaweza kuongezeka. Ugonjwa huo unapenda usiku wa ubaridi wenye unyevu, na unashambulia maua na majani machanga. Usisubiri kuona unga mweupe umetapakaa. Kagua vichomozo vya maua kila wiki, na kama unatumia salfa, ipige alfajiri upepo ukiwa umelala. Siku za kusi kali nusu ya dawa inakwenda kwa jirani. Kipimo na mizunguko muulize bwana shamba wa kata, maana inategemea dawa uliyonunua na umri wa mti.

Mama wa Ukonga: Mwembe wangu umefunika maua yote. Si dalili kwamba baridi imekwisha?

Jibu: Hapana mama. Mwembe hutoa maua kwa kuchochewa na ubaridi na ukavu. Maua hayo yanakueleza wiki zilizopita, hayana habari ya wiki ijayo. Furahia, embe zinakuja.

Mwanapwani: Wazee wetu Mafia huhesabu miongo tangu siku ya mwaka na wanajua kusi inalegea lini, bila simu. Mbona hukuwataja?

Jibu: Umesema kweli na nakushukuru. Hesabu ile ya siku kumi kumi kuanzia Nairuzi, ndiyo hiyo siku ya mwaka, imeongoza vyombo na mashamba ya pwani hii kwa vizazi. Inafuata mwaka wa siku 365 bila siku ya nyongeza, kwa hiyo inateleza siku moja kila miaka minne dhidi ya jua, na wazee wanaofahamu hulizingatia hilo. Nguvu yake ni kukueleza msimu. Kipindi cha siku tatu kinachotoka Durban kinahitaji Hatua ya 3. Ukiwa na mzee anayehesabu, kaa naye uandike.

Mdau wa Sinza: El Niño inaweza kuifukuza hii baridi mapema?

Jibu: El Niño kwetu tunaitazama zaidi kwa mvua za vuli, Oktoba hadi Desemba. Kwa baridi ya wiki ijayo, angalia kusini.

Baba wa Kigamboni: Nasafiri na watoto kwa boti kwenda Unguja mwisho wa mwezi. Nina wasiwasi na kusi.

Jibu: Kata tiketi ya asubuhi, kaka. Mchana ardhi ikishapata moto, upepo wa baharini unajiunga na kusi na mawimbi yanakua. Siku mbili kabla, soma sehemu ya bahari kwenye taarifa ya TMA. Ukikuta angalizo la mita 2, boti kubwa huenda itaondoka, lakini watoto watatapika njia nzima. Kama una nafasi ya kusogeza safari, isogeze siku mbili. Na wavalishe masweta hata kama bandarini kuna jua.