Somo: Kusafisha jedwali ghafi kabla ya kulichambua

Anayeingia kwenye kazi ya uchambuzi wa data mara nyingi hujiandaa kwa grafu na fomula ndefu. Kinachomfikia mezani ni faili lenye tarehe za mitindo mitatu, namba ambazo programu inaziona kuwa maneno, na jina moja lililoandikwa kwa namna tano. Saa nyingi za kazi huishia hapo, na makosa mabaya huzaliwa hapo, kwa sababu jedwali chafu halikatai kujumlishwa. Linakupa jibu, na jibu lenyewe linaonekana halina kasoro.

Somo hili ni la Excel. Pale Google Sheets inapotofautiana nimetaja. Lengo ni moja: mwishoni uweze kueleza kila mstari ulioingia umeishia wapi. Usipoweza, namba zako bado hazijafaa kupelekwa kwa mtu.

Hatua ya 1: Faili la asili lisiguswe

Tengeneza nakala na uipe jina lenye tarehe kwa mpangilio wa mwaka, mwezi, siku, kwa mfano mauzo_2024-03-31_ghafi. Mafaili yakipangwa kwa jina, yatajipanga yenyewe kwa wakati. Ndani ya nakala fungua shiti nne: Ghafi, Safi, Ripoti na Kumbukumbu. Kwenye Kumbukumbu andika mara moja, kabla hujagusa chochote, mambo mawili: idadi ya mistari na jumla ya safu kuu ya namba. Hizo ndizo namba za udhibiti, utazihitaji hatua ya mwisho.

Hatua ya 2: Ingiza CSV, usiibofye mara mbili

Faili la CSV (maandishi matupu ambamo safu hutenganishwa kwa koma) halina habari za aina ya data. Ukilibofya likafunguka, Excel inakisia, na makisio yake yanaharibu mambo matatu. Namba ya utambulisho 00457 inabaki 457. Kitu kama 3-4 kinageuka tarehe. Namba yenye tarakimu zaidi ya 15 inabadilishwa sifuri kuanzia tarakimu ya 16, na ukihifadhi tu, tarakimu zile hazirudi. Tabia hii imewasumbua wataalamu wa jenetiki kiasi kwamba mwaka 2020 kamati inayosimamia majina ya jeni za binadamu ilibadilisha majina kadhaa. Jeni iliyoitwa MARCH1 sasa ni MARCHF1, kwa kuwa Excel iliisoma kama tarehe 1 Machi.

Nenda menyu ya Data, chagua From Text/CSV, kisha Transform Data. Hapo inafunguka Power Query, sehemu ya Excel ya kuingiza na kusafisha data. Programu huongeza yenyewe hatua iitwayo Changed Type. Ifute, halafu weka aina ya kila safu kwa mkono. Namba za utambulisho, za simu na za akaunti ziwe Text, maana hakuna atakayezijumlisha. Kwenye Google Sheets, tumia File kisha Import, na uondoe tiki kwenye kisanduku cha kugeuza maandishi kuwa namba na tarehe.

Hatua ya 3: Umbo la jedwali

Mstari mmoja wa vichwa. Kila mstari unaofuata ni tukio moja, kila safu ni jambo moja. Hakuna seli zilizounganishwa, hakuna mistari ya jumla katikati, hakuna mistari mitupu ya mapambo. Kizio kikae kwenye kichwa (uzito_kg), kisikae ndani ya seli, maana "12 kg" si namba. Ikiwa miezi imetandazwa kwenye safu 12, igeuze kwa Unpivot Columns ndani ya Power Query ili upate safu ya mwezi na safu ya thamani. Halafu bonyeza Ctrl+T ligeuke jedwali rasmi. Mistari mipya ikiongezwa, fomula zinazolitaja jedwali kwa jina zitaifuata.

Hatua ya 4: Maandishi

Fomula ya kuanzia ni hii:

=TRIM(CLEAN(SUBSTITUTE(B2,UNICHAR(160)," ")))

TRIM peke yake haitoshi. Inaondoa nafasi za kawaida tu, wakati data iliyonakiliwa kutoka kurasa za wavuti huja na nafasi ya aina nyingine, yenye namba 160, ambayo jicho haliitofautishi. Ukiona majina mawili yanafanana kabisa lakini fomula inasema hayafanani, pima urefu kwa LEN. Jina la herufi 6 likitoa 7, umempata mwizi. Tofauti ya herufi kubwa na ndogo isikutishe kwenye COUNTIF (fomula ya kuhesabu seli zenye thamani fulani) na jedwali la pivoti (muhtasari unaojumlisha data kwa makundi), Excel haiijali. SQL (lugha ya hifadhidata) na Python (lugha ya programu) zinaweza kuijali, kwa hiyo sawazisha kama data itaendelea huko.

Hatua ya 5: Namba zilizojificha kama maneno

Hapa ndipo pa kukaa muda. SUM haitoi kosa ikikutana na seli ya maandishi; inaipita kimyakimya. Ukiwa na seli 1,000 na 40 kati yake ni maandishi, jumla itakuwa ya seli 960 na hakuna alama nyekundu itakayokuonya. Cha kuchanganya zaidi, =D2+D3 hugeuza maandishi yenye tarakimu tu kuwa namba na kutoa jibu sahihi, kwa hiyo ukijaribu seli mbili tatu kwa mkono utadhani kila kitu kiko sawa.

Kipimo ni =COUNTA(D2:D1001)-COUNT(D2:D1001). COUNTA inahesabu seli zote zenye kitu, COUNT inahesabu namba tu. Jibu likiwa sifuri, endelea. Likiwa zaidi, tafuta zilipo kwa =ISNUMBER(D2) na uchuje zilizotoa FALSE. Visababishi vya kawaida ni nafasi iliyofichika, alama ya fedha iliyoandikwa kwa mkono, herufi O badala ya sifuri, na koma au nukta za mfumo mwingine. Kwa hili la mwisho, katika Excel tumia =NUMBERVALUE(D2,",",".") ikiwa chanzo kimeandika 1.250,50, jibu litakuwa 1250.5. Usitumie Find and Replace kufuta koma zote kwa mkupuo kabla hujajua koma hiyo inatenganisha maelfu au desimali.

Hatua ya 6: Tarehe

Excel huhifadhi tarehe kama namba ya siku: 1 Januari 1900 ni 1, na 1 Januari 2024 ni 45292. Unachokiona kwenye seli ni mavazi tu. Tatizo kubwa huja faili la siku-mwezi-mwaka linapofunguliwa kwenye kompyuta iliyowekwa mwezi-siku-mwaka. 25/03/2024 haisomeki, kwa kuwa hakuna mwezi wa 25, inabaki maandishi. Lakini 03/04/2024, iliyokuwa 3 Aprili, inageuka 4 Machi bila onyo lolote. Matokeo yake ni safu yenye tarehe ambazo hazijageuka na tarehe zilizogeuka vibaya, zimechanganyika.

Dalili zake: baadhi ya tarehe zimeegemea kushoto na nyingine kulia, na katika zile za kulia hakuna siku inayozidi 12. Ukiona hivyo, usizirekebishe moja moja na usitumie Text to Columns, kwani itatengeneza zile za maandishi na kuziacha zilizogeuka vibaya. Rudi kwenye faili la asili, ingiza upya kupitia Power Query, bofya kulia kwenye safu, chagua Change Type kisha Using Locale, na uchague mfumo ambao chanzo kilitumia. Baada ya hapo hesabu mistari kwa kila mwezi. Mwezi wenye mistari michache ajabu, au tarehe ambazo bado hazijafika, ni sababu ya kumuuliza aliyetoa data.

Hatua ya 7: Marudio

Kitufe cha Remove Duplicates hufuta na kubakiza mstari wa kwanza, hakikuulizi upi ni sahihi. Tia alama kwanza kwa COUNTIFS kwenye safu zinazotambulisha tukio, chuja zilizozidi 1, zitazame, ndipo uamue. Miamala miwili ya kiasi kimoja siku moja inaweza kuwa halali yote.

Kuna mtego: COUNTIF huzichukulia tarakimu zilizohifadhiwa kama maandishi kuwa namba, na inalinganisha 15 za mwanzo. Namba mbili za akaunti zenye tarakimu 18 zinazotofautiana mwishoni tu zitahesabiwa kuwa moja. Kwa namba ndefu tumia =SUMPRODUCT(--(A$2:A$1001=A2)).

Hatua ya 8: Kuunganisha majedwali

VLOOKUP, fomula inayovuta thamani kutoka jedwali jingine, bila FALSE mwishoni hutafuta kinachokaribia, na inaweza kukuletea bei ya bidhaa nyingine. Andika FALSE kila mara, au tumia XLOOKUP, ambayo tangu mwanzo hutafuta kinacholingana kabisa. Usifunike #N/A (alama ya kutopatikana) kwa IFERROR mapema. Zihesabu kwanza, ni orodha ya funguo, yaani thamani za kuunganishia, zilizokosa mwenza.

Hatua ya 9: Linganisha

Mistari ghafi, toa iliyofutwa, lazima iwe sawa na mistari safi. Kwa mfano ghafi 4,812, marudio 37, mistari ya jumla 12, basi safi ni 4,763. Ikiwa ni 4,762, tafuta huo mmoja. Fanya vivyo hivyo kwa jumla ya fedha au kiasi. Halafu bofya kila fomula ya jumla na uangalie inaanzia wapi na kuishia wapi. Carmen Reinhart na Kenneth Rogoff walichapisha mwaka 2010 utafiti kuhusu deni la serikali na ukuaji wa uchumi. Mwaka 2013 ilibainika kuwa wastani wao kwenye lahajedwali uliishia mstari wa 44 badala ya 49, nchi tano zikaachwa nje. Fomula ilifanya kazi, masafa yake ndiyo yalikuwa mafupi.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mkuu shukrani kwa somo. Fomula ya hatua ya 4 nimeinakili kama ilivyo lakini inaleta kosa. Shida nini?

Jibu: Karibu sana. Angalia kitenganishi. Kompyuta ambayo mipangilio yake ya eneo hutumia koma kwa desimali inataka nukta mkato kati ya vipengele vya fomula: SUBSTITUTE(B2;UNICHAR(160);" "). Angalia pia alama za kunukuu. Ukinakili kutoka ukurasa fulani huja zilizopinda, na Excel inazitaka zilizonyooka.

Swali: Mwalimu, seli tupu nizijaze sifuri?

Jibu: Hapana, mpaka ujue maana ya utupu huo. AVERAGE huruka seli tupu lakini huhesabu sifuri. Thamani 10, 20 na tupu zina wastani wa 15. Ukiweka sifuri unakuwa 10. "Hakikuuzwa kitu" ni sifuri. "Hakuna aliyeandika" ni utupu. Ikiwa hujui ni ipi, acha tupu na uandike idadi yake kwenye Kumbukumbu.

Swali: Faili langu lina mistari laki mbili, kila nikibadilisha seli moja linaganda dakika nzima. Nibadilishe kompyuta?

Jibu: Bado. Tafuta kwanza fomula nzito: SUMPRODUCT na COUNTIFS kwenye kila mstari zinasoma safu nzima mara laki mbili. Matokeo yakishahakikiwa, yabandike kama thamani. Punguza OFFSET, INDIRECT na TODAY, kwa sababu hukokotolewa upya kila kitu kinapobadilika, pamoja na kila kinachozitegemea. Uunganishaji wa majedwali uhamishie Power Query.

Swali: Ofisini bado wanatumia .xls ya zamani, ina madhara?

Jibu: Yanaweza kuwa makubwa. Muundo huo unaishia mistari 65,536, wakati .xlsx inafika 1,048,576. Oktoba 2020 nchini Uingereza, wagonjwa 15,841 wa COVID-19 walichelewa kuingia kwenye ripoti kwa sababu matokeo yao yalipitishwa kwenye .xls na mistari iliyozidi ikakatwa. Badilisheni muundo, na mpaka hapo hesabu mistari kila faili linapohama mkono.

Swali: Mimi natafuta kazi ya kwanza ya uchambuzi. Nijifunze Python kwanza au niendelee na Excel? Na kwenye usaili nionyeshe nini?

Jibu: Ndugu, Excel uifahamu mpaka jedwali la pivoti na Power Query, kisha SQL, maana data za taasisi kubwa hukaa kwenye hifadhidata na utahitaji kuzitoa mwenyewe. Python au R ije baadaye, pale kazi ileile inapojirudia au data zinapozidi uwezo wa lahajedwali. Kwa usaili, chukua data huria iliyo chafu kweli, isafishe kwa hatua hizi, na peleka faili lenye shiti zote nne. Wengi watakuja na dashibodi. Fungua Kumbukumbu mbele ya anayekuhoji, mwonyeshe mistari mingapi imetoka na kwa nini, kisha mwache achague namba yoyote kwenye Ripoti na umfuatishe mpaka mistari yake kwenye Ghafi.

Swali: Bosi anataka ripoti yenye seli zilizounganishwa na rangi. Inapingana na hatua ya 3?

Jibu: Haipingani. Sheria za hatua ya 3 ni za Safi. Kwenye Ripoti pamba utakavyo, mradi kila namba iwe fomula inayosoma Safi na isiwe imeandikwa kwa mkono.