Kelele za jirani mwenye mtoto mlemavu: ziba juu ya ukuta

Kwa wale wa vyumba vya kupanga vya mstari mmoja kama huku kwetu Kisenyi, Kampala, na jirani ana mtoto mwenye usonji au mtindio wa ubongo anayelia usiku, usigonge ukuta jamani, mtoto hafanyi makusudi na mama yake hajalala kukushinda wewe. Angalia juu: vyumba vingi havina silingi bodi, ukuta haufiki kwenye mabati, sauti inapita hapo hapo. Chukua godoro kuukuu, kata vipande vinene kidogo kuliko ule uwazi, sukumiza mpaka vibane kabisa, maana hata ukiacha tundu la vidole viwili sauti inapita tu. Ziba upande wa jirani peke yake, matundu ya hewa ya nje yaache, na godoro lisiguse waya za umeme, linashika moto haraka sana. Mwambie mama mtoto kwanza, asije akadhani unamtenga. Kilio na mayowe vinapungua, ila mtoto akipiga ukuta kwa kichwa au miguu haisaidii, ule mshindo unapita kwenye matofali yenyewe, hapo hamishia kitanda ukuta mwingine.