Ngeli kwanza, kamera baadaye: kufundisha wageni Kiswahili mtandaoni

Kijana yeyote wa hapa Unguja anayeniuliza afanyeje ili naye apate wanafunzi wa mtandaoni, namrudishia swali: kwa nini tunasema "mtu wangu" lakini "baba yangu"? Wengi hucheka, kisha hunyamaza. Mwanafunzi aliyeko Leipzig hacheki. Atakuuliza hilo mapema sana, kalamu mkononi, na amelipia.

Kuzaliwa na lugha hakumfanyi mtu mwalimu wake. Jibu la swali lile ni kwamba majina kama baba, dada na rafiki yana umbo la ngeli ya I-ZI, kwa hiyo kimilikishi hufuata umbo: rafiki yangu, dada zangu. Kivumishi na kitenzi hufuata uhai: rafiki yangu mzuri amekuja. Sentensi mbili, mfano mmoja, mwanafunzi anaandika na mnaendelea. Ukimwambia "ndivyo tunavyosema tu", atakuvumilia mara mbili, ya tatu atatafuta mwengine.

Jambo jengine: sisi skuli tumesoma A-WA, U-I, KI-VI. Wageni wengi huja na vitabu vinavyozitaja ngeli kwa namba, na atakwambia "hii si ngeli ya saba?" ukabaki unamtazama. Andika orodha mbili sambamba uibandike ukutani nyuma ya kompyuta: A-WA ni 1 na 2, U-I ni 3 na 4, LI-YA ni 5 na 6, KI-VI ni 7 na 8, I-ZI ni 9 na 10, na zile za mahali ni 16, 17 na 18. Usimlazimishe aache namba zake. Wewe ndiye wa kujua njia zote mbili.

Baada ya hapo ndipo ufungue akaunti. italki na Preply ndiyo majukwaa ambayo wanafunzi wa Kiswahili hupatikana kwa wepesi. Kwa masharti ninayoyajua, italki hukata asilimia 15 ya kila somo. Preply huanza na asilimia 33 na kushuka hadi 18 kadiri saa zako za kufundisha zinavyoongezeka, na malipo ya somo la kwanza la majaribio la kila mwanafunzi mpya huyachukua yote. Masharti hubadilika, yasome mwenyewe kabla ya kupanga bei. italki pia hutofautisha mwalimu mwenye vyeti na mkufunzi wa mazungumzo. Kama huna cheti, ingia kama mkufunzi. Hakuna aibu, na wapo wanafunzi wanaotaka mazungumzo tu.

Somo la majaribio ndilo nisilolifanyia mzaha. Mara nyingi ni nusu saa. Walimu wapya huitumia kujieleza: wamesoma wapi, njia yao ya kufundisha ni ipi, Zanzibar ina fukwe gani. Mgeni anafunga kompyuta hajasema neno. Mie namuuliza swali moja tu la utangulizi: utakizungumza na nani? Aliyeoa Wete anahitaji salamu ndefu, namna ya kukaribishwa chakula na namna ya kukataa sahani ya tatu bila kumuudhi mama mkwe. Daktari anayekwenda kufanya kazi Mwanza anahitaji "panauma wapi" na "tangu lini". Mtoto aliyekulia London anataka kuzungumza na bibi yake kwenye simu, naye husikia zaidi kuliko asemavyo, basi usimwanzishie na "hujambo". Na anayekwenda Bukavu, Kongo, mwambie wazi kwamba Kiswahili atakachokisikia kule si hiki changu, achukue masomo machache kwa mtu wa huko. Riziki haikupungukii kwa hilo, mara nyingi anarudi.

Kisha namwambia: nionyeshe jikoni kwako. Anageuza kamera au anabeba laptopu. Hiki ni nini? Kijiko. Na hiki? Kisu. Visu viwili viko wapi? Viko hapa. Hujataja ngeli hata mara moja, naye ameshaitumia KI-VI na anacheka mwenyewe. Mkirudi mezani mwandikie vile alivyosema, kwa maneno yake, umtumie. Karatasi ile yenye sentensi zake, kuhusu nyumba yake, ndiyo inayomrudisha wiki ijayo. Picha za kununua za maembe na mananasi zimejaa kila mahali.

Kusahihisha kuna adabu yake. Anapozungumza usimkatize kila silabi. Andika pembeni, dakika tano za mwisho mzipitie pamoja. Katiza pale tu maana inapogeuka. Kwa mfano, unamuuliza "umekula?" naye anajibu "sikula" akikusudia bado. Hapo simama, mpe "sijala", kisha muulize mambo mengine matano ambayo bado hajayafanya leo.

Saa zitakuvuruga kuliko ngeli. Ukimwandikia mgeni "kesho saa mbili" ataingia saa nane mchana. Andika 20:00, na utaje mji: 20:00 Zanzibar. Kumbuka pia kwamba sisi saa zetu hazigeuki, zao zinageuka. Ulaya hubadilisha Jumapili ya mwisho ya Machi na ya Oktoba, Marekani Jumapili ya pili ya Machi na ya kwanza ya Novemba. Berlin iko nyuma yetu kwa saa mbili wakati wa baridi na saa moja wakati wa joto. New York saa nane, kisha saba. Jioni ya Berlin inatufaa sana, maana isha imeshaswaliwa na watoto wameshakula. Jioni ya New York ni saa nane na saa tisa za usiku kwetu, usiiguse (labda mwezi wa Ramadhani, maana daku utaamka tu). Wamarekani wape asubuhi yao kabla ya kazi, ambayo kwetu ni alasiri.

Vifaa sina maneno mengi. Hedifoni zenye maikrofoni nzuri kabla ya kamera nzuri. Kaa ukielekea dirisha, usiligeuzie mgongo. Weka bando kwenye laini ya pili na betri ndogo ya kuishikilia ruta umeme ukikatika. Jogoo na adhana havimfukuzi mtu, bonyeza kitufe cha kuzima sauti uendelee.

Bei: anza chini kidogo ya walimu wenye maoni mengi ya wanafunzi, lakini si nusu yao. Anayekuja kwa sababu wewe ni rahisi kuliko wote ataondoka akitokea aliye rahisi zaidi. Ukishajaza wiki yako, pandisha kwa wapya tu. Wa zamani waachie bei yao mpaka mwaka ugeuke, na uwaambie mwezi mmoja kabla. Kuahirisha somo iwe saa 24 kabla, vinginevyo analipa, na lisemwe siku ya kwanza kwa uso mkunjufu, kabla halijamtokea mtu. Usijaribu kuwahamisha wanafunzi nje ya jukwaa ili ukwepe makato. Masharti yanakataza, na akaunti ikifungwa maoni yako yote yanakwenda nayo. Wale wanaokujia kwa kuelekezwa na rafiki zao, nje ya jukwaa tangu mwanzo, hao ni wako: waandikie risiti, chukua malipo ya masomo kumi kwa mkupuo, na uwe na TIN yako (namba ya mlipakodi) tayari kabla benki haijakuuliza dola hizi zinatoka wapi.