Fundi mmoja, simu moja: kutangaza kazi bila kuacha cherehani

Nashona magauni ya kitenge na sare za harusi mjini Morogoro, si mbali na Soko la Chifu Kingalu. Sina msaidizi wala mtu wa kunipigia picha. Ndiyo maana mitandaoni sitafuti wafuasi wengi, natafuta oda ninazoweza kuzimaliza. Kama mikono yako inatoa magauni matano kwa wiki, wafuasi elfu kumi watakuongezea nini zaidi ya kukuuliza "bei gani dada?" ukiwa katikati ya zipu?

Chagua sehemu moja ya kuuzia. Mimi natumia WhatsApp Business, kwa sababu wateja wangu wako humo humo na shangazi zao na kamati zao za harusi. Ni ya bure, na inakaa kwenye simu moja na WhatsApp ya kawaida mradi uwe na laini ya pili. Usione uvivu kusajili hiyo laini. Mama mkwe hana haja ya kuona bitana ya gauni la mtu, na mteja hana haja ya kuona picha zako za ubatizo.

Instagram nimeigeuza kibao cha barabarani. Inaruhusu kubandika machapisho matatu juu kabisa ya ukurasa, na hayo yanatosha: mishono na bei zake, namna ya kujipima, na mahali nilipo pamoja na namba ya WhatsApp. Nikitoa kazi nzuri sana naiongeza, basi. TikTok sipo, na cherehani haijalalamika.

Bei iandike. Mtindo wa "bei njoo inbox" unachosha pande zote mbili: mwenye aibu haulizi na anapita, asiye na aibu anauliza na anakukatisha kazi. Kama bei inategemea kitambaa, sema hivyo: "Ufundi elfu 35 ukija na kitenge chako, elfu 60 kitenge kikiwa changu." Atakayeona ni ghali ataondoka bila kukupotezea muda.

Sasa kuna jambo ambalo mafundi wengi hawalijui, na kwangu ndilo lenye uzito kuliko yote. Stetasi yako haionekani na mtu ambaye hajahifadhi namba yako, hata kama wewe umehifadhi yake. Ujumbe wa orodha ya matangazo (broadcast), unaoutuma mara moja kwa hadi watu 256, nao ni vilevile: asiyekuhifadhi haumfikii. Unaweza kuposti kutwa nzima ukidhani watu wamekususa, kumbe hawakuoni. Kwa hiyo mteja akija kuchukua nguo, kabla sijaifunga namwambia, "Anti, nihifadhi hapo hapo, andika Fundi na jina langu." Naye namhifadhi mbele yake. Hapo ndipo tangazo linapoanzia.

Stetasi hudumu saa 24, basi usiijaze vidoti arobaini. Mimi naweka vitatu asubuhi kabla ya kukaa: gauni lililokamilika likiwa na bei, kazi iliyo mezani, na taarifa moja ya kweli, kwa mfano nafasi zilizobaki wiki hii. Picha napiga mlangoni, nguo ikining'inia kwenye ukuta usio na kitu. Taa nyeupe za dukani zinaharibu rangi ya kitenge. Mteja aliyeona bluu akapewa zambarau hatakusikiliza ukimweleza habari za taa. Piga na upande wa ndani pia. Mwanamke anayejua nguo anatazama kwanza ovaloki, ule mshono wa kufunga kingo.

Maswali yanayojirudia yaandikie majibu ya haraka humo kwenye WhatsApp Business. Nikiandika /vipimo, linatoka jibu zima: bega, kifua, kiuno, nyonga, urefu, na ombi la picha ya mshono anaoutaka. Nina /bei, /malipo na /ramani. Halafu weka ujumbe unaojituma wenyewe ukitaja saa zako za kushika simu. Watu wanasubiri vizuri tu wakiambiwa wasubiri mpaka lini.

Msimu unautangulia, huukimbilii. Mishono ya Eid naionyesha mwezi wa Ramadhani ukikaribia, kwa sababu kumi la mwisho sipokei tena oda, na siku hiyo naandika wazi: "Oda za Eid nimefunga." Tangazo hilo huniletea malipo ya kianzio ya kazi za baada ya Eid zaidi ya picha yoyote. Sare za harusi nazo zina hesabu yake: oda moja ya mashangazi ni wateja kadhaa kwa mkupuo, na kila mmoja wao yumo kwenye kamati nyingine.

Picha ya mteja akiwa amevaa ni dhahabu, lakini omba ruhusa kwa maandishi kwenye WhatsApp hiyo hiyo, na kwa mtoto muombe mzazi. Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na hata isingekuwepo, kuna watu hawataki ndugu zao wajue wameshona nguo mpya.

Kulipia matangazo siwezi kukushauri kama uko peke yako na foleni imejaa. Badala yake, kwenye daftari la oda chora safu moja, "ametokea wapi", umuulize kila mgeni. Mwisho wa mwezi unaona ni wapi pa kuongeza nguvu na ni wapi bando linaungua bure.

Kwa mzigo wa mikoani, usiufikishe Msamvu kupakia basi kabla hujaangalia salio lako mwenyewe. Picha ya ujumbe wa muamala si malipo, zinatengenezwa. Na washa uthibitisho wa hatua mbili, yaani namba ya siri ya ziada, kwenye WhatsApp yako leo. Atakayekupigia kuomba tarakimu sita zilizoingia kwenye simu yako, hata akijitambulisha kama mteja wa sare thelathini, usimtajie hata moja.