Maikroskopu ya bei mbaya: lini ulipie, lini uache, na namna ya kuipima kabla hujatoa hela

Kila mtu anayefungua maabara, au zahanati iliyopata fungu la vifaa, au shule iliyopata mfadhili, huwa anafika pale pale: nichukue hii ya kawaida au nijikaze nivute Zeiss, Leica, Nikon au Olympus (siku hizi maikroskopu za Olympus zinatoka kwa jina la Evident) ya bei ya gari? Naanza na jibu kabisa. Kwa kazi nyingi tunazofanya huku Tanga, yaani BS (damu ya kwenye slaidi) ya malaria, choo, mkojo na makohozi, maikroskopu ya daraja la kati kutoka kampuni inayoeleweka inatosha, na hela inayobaki ina kazi nyingine ya maana zaidi. Ila kuna kazi ambazo ukibana hela unaumiza wagonjwa, na kuna vitu vya bei chee ambavyo hata ukipewa bure usivipokee.

Kwa makadirio tu, za wanafunzi zinacheza kwenye dola 200 hadi 500, za maabara zenye heshima dola 1,500 hadi 3,000 hivi, na za utafiti zikishafungwa kamera na fluoresensi (mwanga maalumu unaofanya kitu kilichopakwa rangi king'ae) zinavuka dola 20,000 bila jasho. Swali ni hiyo tofauti yote inakwenda wapi.

Kabla hujauliza bei jiulize unaangalia nini. Yai la kichocho cha mkojo lina urefu wa mikroni zaidi ya 100 (mikroni ni milimita moja ukiigawa mara elfu), lenzi ya 10 inalionyesha na ule mwiba wake wa mwishoni unauona vizuri tu. Vimelea vya matende na mabusha, ile damu ya kuchukua usiku, vinafika mikroni 250 hadi 300, tena vikiwa hai unaviona vinavyojinyonganyonga. Chembe nyekundu ya damu ni mikroni 7, ringi changa ya malaria, yaani kimelea kikiwa bado kidogo ndani ya chembe, ni kama mikroni 2, na kimelea cha TB kina urefu wa mikroni 2 hadi 4 ila wembamba wake unakwenda chini ya nusu mikroni, huyo ndo mgumu kidogo.

Sasa shika lenzi, soma pembeni utakuta imeandikwa mfano 100/1.25. Hiyo 100 ni ukuzaji, hiyo 1.25 ndo mwenye nyumba, inaitwa NA, inasema lenzi inakusanya mwanga kwa upana gani. Ernst Abbe, aliyekuwa na Zeiss kule Jena, alionyesha mwaka 1873 kwamba kitu kidogo kabisa unachoweza kukitenganisha ni urefu wa wimbi la mwanga ugawanye kwa mara mbili ya NA. Chukua mwanga wa kijani, nanomita 550 (mikroni moja ni nanomita 1,000), piga hesabu: lenzi ya 1.25 inakupa nanomita 220, lenzi ya bei mbaya ya 1.40 inakupa 196. Yaani kwa lenzi moja tu inayoweza kuuzwa bei ya maikroskopu nzima ya kawaida, au zaidi, umeongeza nanomita 24. Ringi ya malaria ni nanomita 2,000. Haikuhitaji hizo 24.

Na usidanganyike na wanaoandika mara 2000 kwenye boksi. Ukuzaji unaofaa unaishia kama mara 1,000 ya NA, kwahiyo lenzi ya 1.25 mwisho wake ni kama 1,250. Ukiweka lenzi ya jicho ya 20 ukafika 2000, umefanya kama mtu anayevuta picha ya simu kwa vidole mpaka inakuwa ukungu, ukubwa upo na habari mpya hamna. Ukiona namba hiyo ndo sifa ya kwanza kutajwa na muuzaji, mshukuru uondoke.

Kuna mtego mwingine wauzaji hawausemi kabisa. Ile 1.40 haifanyi kazi peke yake, inategemea kondensa, lenzi inayokusanya mwanga wa taa, iliyo chini ya steji, pale inapokaa slaidi. Kati ya kondensa na slaidi kukiwa na hewa, kondensa haiwezi kuvuka NA ya 1.0 hata iwe imeandikwa 1.25 au 1.4. Ili ule upana uupate kweli inabidi uweke oili juu na chini, juu ya slaidi na juu ya kondensa pia, na mimi sijaona maabara ya kazi za kila siku inayopaka oili kondensa kwa foleni ya wagonjwa ya asubuhi. Mtu analipia 1.40 anatumia kama 1.2, kila siku, miaka yote.

La kushangaza zaidi ni lenzi kavu (isiyotumia oili) ya 40 ya kifahari, ile plani apokromati ya 0.95, yaani yenye picha tambarare na rangi safi. Hiyo imetengenezwa kwa kava slipu, kile kioo chembamba cha kufunikia, ya milimita 0.17, ikipungua au ikizidi picha inaharibika, ndo maana inawekewa ringi ya kurekebisha. Smia zetu za damu, yaani damu iliyopakwa kwenye slaidi, hatuzifuniki. Ukiiweka juu ya smia isiyofunikwa inaweza kukupa picha mbaya kuliko lenzi ya kawaida ya 0.65, na mwenye maabara anakaa anajiuliza mbona hela yote hii na bado naona maziwa.

Tuwatendee haki lakini, maana hela ya ziada ina mambo matatu inanunua kweli. Kwanza rangi: akromati ya kawaida inakutanisha rangi mbili za mwanga, apokromati inakutanisha tatu, kwahiyo ule ukingo wa zambarau au kijani kwenye chembe unapotea. Pili utambarare: lenzi isiyo plani ukiweka katikati vizuri pembeni panafifia. Tatu upana wa fildi, lile duara unaloliona ukichungulia, na hili mimi nalipa uzito kuliko yote. Lenzi ya jicho yenye namba ya fildi 18 kwa lenzi ya 100 inakuonyesha duara la milimita 0.18, ya namba 22 inakuonyesha 0.22. Inaonekana kidogo ila kwa eneo ni kama nusu zaidi, asilimia 49, na kama unatakiwa upitie angalau fildi 100 za thiki filimu (tone nene la damu) kabla hujaandika hamna mdudu, hiyo nusu ni jicho linalopumzika na kimelea ambacho hakikukupita. Habari njema ni kwamba huhitaji bei ya juu kuipata, plani akromati nzuri yenye fildi ya 20 mpaka 22 inapatikana daraja la kati.

Alphonse Laveran, daktari Mfaransa, alipoona vimelea vya malaria mwaka 1880 alikuwa na ukuzaji wa mara 400 hivi na damu isiyopakwa rangi. Robert Koch, Mjerumani, alipoonyesha kimelea cha TB mwaka 1882 alitumia lenzi ya oili na kondensa ya Abbe, vitu vilivyokuwa vipya wakati ule. Huyohuyo Koch mwaka 1905 alikuwa huku kwetu, enzi za Wajerumani, anatafiti homa ya papasi. Nayasema haya kwa sababu lenzi ya 100/1.25 ni teknolojia ya zaidi ya miaka 100, kiwanda makini kinaitengeneza vizuri kwa bei ya kawaida.

Wapi basi ulipie bila kulalamika? Kama unasoma TB kwa rangi ya auramini unahitaji fluoresensi, na hapo chukua ya taa ya LED ambayo WHO ilipendekeza mwaka 2011, achana na zile za balbu ya zebaki zinazokufa baada ya masaa 200 au 300. Kama ni histolojia, kusoma vipande vya nyama ya mwili, na mtu anakaa kwenye kiti kutwa nzima anaamua hii ni saratani au sio, mlipie lenzi nzuri na kichwa kinachoinama kufuata shingo yake. Kama ni utafiti wa kupiga picha na kupima, au chembe hai zisizopakwa rangi, au una kazi za wadudu na mimea ya kule msitu wa Amani zinazotaka picha za kuchapishwa, hapo sawa, bei ina maana yake.

Shule ni habari tofauti. Foldscope ya karatasi aliyoianzisha Manu Prakash na wenzake wa Stanford inakuza mara 140 na inamtosha mtoto kuona maji ya dimbwi. Ipo pia OpenFlexure, ya kuprinti kwa 3D, imetoka Uingereza ila Taasisi ya Afya Ifakara na mafundi wa Dar wameshiriki kuifanyia kazi, na michoro yake iko wazi kwa yeyote. Kwa shule ningeanzia huko kabla ya kununua lile lichuma lisilo na jina.

Haya, umeamua, uko mbele ya maikroskopu na muuzaji anakutazama. Usitumie slaidi yake ya mguu wa nzi. Nenda na smia yako ya damu uliyoipaka mwenyewe ikapakika vizuri. Anza na lenzi ya 10, tafuta chembe nyeupe moja iweke katikati kabisa. Geuza uende 40 bila kugusa fokasi kubwa: chembe ibaki karibu na katikati na ugeuze fokasi ndogo kidogo tu. Weka tone la oili, nenda 100, angalia vilevile. Ikiwa chembe imekimbia nje ya fildi au lenzi imegonga slaidi, hiyo utagombana nayo kila siku. Bonyeza ncha ya lenzi ya 100 kwa kidole taratibu, iwe na springi inayorudi ndani, isiyo na springi itakuvunjia slaidi.

Ukiwa kwenye 100 hapohapo tazama pembeni ya fildi, chembe nyekundu zinatakiwa ziwe na ukingo mkali mpaka karibu na mwisho. Alafu acha mikono, piga stori na muuzaji kama dakika kumi bila kugusa chochote, rudi utazame. Picha ikiwa imepotea yenyewe, steji inashuka, na ugonjwa huo kwa mashine mpya ni dalili mbaya sana. Sogeza slaidi kulia kushoto, ukigeuza kitasa na slaidi inachelewa kuanza kwenda, gia zimelegea. Tazama kwa macho yote mawili muda wa kutosha, usikubali dakika moja, kama unaanza kuhisi macho yanavutana basi mirija miwili haijalingana na hakuna kuzoea, utaumwa kichwa tu.

Mwisho toa lenzi moja ya jicho, chungulia kwenye mrija mtupu huku unafunga ule mlango wa kondensa polepole. Utaona duara la mwanga linazidi kuwa dogo. Lipungue likiwa katikati. Likiwa limeenda upande muombe akurekebishie skrubu za kondensa, kama hazipo au hajui ni zipi, umeshajua unanunua kwa nani.

Mgosi unayewaza used kutoka Ulaya, sio wazo baya kabisa, zipo nzuri mno, ila soma hapa. Fungua lenzi ya 100 na ya 40, igeuze lenzi ya jicho juu chini uitumie kama kioo cha kukuzia, washa tochi ya simu kwa upande mmoja, chungulia ndani ya lenzi kwa upande wa pili. Ukiona nyuzinyuzi nyembamba zimetawanyika kama mizizi, hao ni fangasi, na wakishakula ule utando uliopakwa juu ya kioo hawafutiki. Uliza pia kama ni ya mrija wa milimita 160 (mfumo wa zamani) au infiniti (mfumo wa kisasa), kwa sababu lenzi za mfumo mmoja hazifanyi kazi sawasawa kwenye mwingine, na siku lenzi moja ikivunjika ndo utaelewa kwanini nimekuambia.

Fangasi hao ndo adui wa kweli wa huku pwani, kuanzia Mkinga mpaka Pangani, na wao hawasomi nembo. Joto letu na unyevu wa bahari unaipiga lenzi ya dola 5,000 sawasawa na ya dola 50. Usifungie mashine kwenye boksi la mbao ukaiacha, wala usiifunike nailoni usiku ikiwa bado ina joto la taa. Mwambie fundi seremala akutengenezee kabati, weka balbu ndogo ya moto iwe inawaka ndani muda wote mashine haitumiki, au silika jeli unayoikausha ikibadilika rangi. Oili ifutwe kila jioni kwa karatasi ya lenzi, sio kwa pamba wala kona ya koti. Umeme nao uwekee stebilaiza, na kama uko kijijini chukua ya LED inayoweza kula betri au sola.

Hela iliyobaki? Nunua maikroskopu ya pili kama hiyohiyo, moja ikilala kazi isilale na watu wawili wasome slaidi moja bila kuambizana. Nunua Giemsa (rangi ya kupakia smia) ya uhakika na bafa, maji ya kuichanganyia, ya pH 7.2, kwa sababu smia iliyopakwa kwa maji ya bomba yenye pH ya kubahatisha haiokolewi na lenzi yoyote duniani. Lipia mafunzo ya msomaji. Na kwenye karatasi ya mauziano iandikwe fundi atakuja Tanga ndani ya muda gani, balbu na lenzi za akiba zinatoka wapi, na garantii inahesabiwa kuanzia siku mliyoifunga mezani, sio siku ilipotoka stoo ya Dar.